"Nipe Ile Kali": Kosa Tunalolinunua Dukani

Simama nusu saa kwenye duka la dawa lenye wateja, iwe Mbagala ya Dar es Salaam au Kongowea ya Mombasa, utaisikia. Mtu anaingia jicho moja limevimba, kope zimegandamana kwa tongotongo, anaegemea kaunta: "Dokta, nipe dawa ya macho, ile kali." Muuzaji haulizi jicho limeanza lini. Haulizi kama linauma au linawasha tu, kama linaona vizuri au lina ukungu. Simu yenye tochi iko mkononi mwake, na haiwashi. Ananyoosha mkono kwenye rafu ya juu, anashusha kiboksi chenye jina refu na kutaja bei. Mteja akiguna, jibu liko tayari: "Hii ndiyo mpya. Zile za zamani siku hizi hazifanyi kazi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayogombana nayo, na sigombani na muuzaji peke yake. Nimeisikia ofisini, kwenye daladala, kwa wauguzi, hata kwa madaktari ambao kalamu zao zimekwisha kusahau kuandika tetrasaiklini. Imani yenyewe iko hivi: antibiotiki za macho zimepangwa kwa ngazi. Chini kabisa iko tetrasaiklini, ile tyubu ndogo ya mafuta ya njano inayotolewa kliniki. Juu yake kloramfenikoli, kisha gentamaisini, kisha siprofloksasini, na kileleni moksifloksasini. Anayepanda ngazi anapona upesi. Anayebaki chini ni maskini tu, hana la kufanya.

Imani hii ina chimbuko, na aliye nayo si mjinga. Watu wetu waliiona klorokwini ikishindwa na malaria mpaka Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Wameona vidonge vya kikohozi vilivyomponya baba vikishindwa kumponya mtoto. Wamesikia redioni habari za usugu wa vimelea. Mtu aliyepitia hayo akihitimisha kwamba dawa ya zamani imechoka, ana sababu. Lakini kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinagawanywa mwili mzima, na kinachofika kwenye kidonda ni chembe. Tone la jicho linaangukia palepale penye ugonjwa. Hesabu zake ni nyingine kabisa, na nitazifikia.

Kwanza tuliangalie jicho jekundu lenyewe, kwa sababu mara nyingi mabishano kuhusu antibiotiki ipi ni bora hayana maana hata kidogo: hakuna bakteria wa kuuawa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalizagaa Dar es Salaam, na majuma machache baadaye yakawa gumzo Mombasa na pwani yote ya Kenya. Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza wazi kuwa ni ugonjwa wa virusi. Antibiotiki haimgusi kirusi, iwe ya tyubu au ya kiboksi kirefu. Hata hivyo chupa ziliuzwa. Walionunua walipona baada ya wiki moja au mbili, kama walivyopona ambao hawakununua, na kila mmoja akaisifu chupa yake. Hivyo ndivyo sifa ya dawa kali inavyojengwa: ugonjwa unaondoka wenyewe, na dawa inasimama mlangoni kupokea shukrani.

Na bakteria wakiwepo kweli? Hapo ndipo watu hukataa kusikia, lakini utafiti umefanyika na majibu yamechapishwa. Mwaka 2005 Peter Rose na wenzake wa Oxford walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya watoto 326 wenye macho yaliyochafuka. Nusu walitiwa kloramfenikoli, nusu walitiwa matone yasiyo na dawa yoyote, na wazazi hawakujua nani kapewa nini. Siku ya saba, katika kila watoto 100 waliotiwa dawa, 86 walikuwa wamepona. Katika kila 100 waliotiwa matone matupu, 83. Mwaka uliofuata Hazel Everitt na wenzake, kusini mwa Uingereza, waliwagawa wagonjwa 307 makundi matatu: wa kupewa dawa papo hapo, wa kutopewa, na wa kuambiwa wasubiri na waifuate dawa hali ikiendelea. Waliopewa papo hapo walisumbuka siku 3.3, wasiopewa siku 4.8, na waliosubiri siku 3.9. Waliosubiri walitumia antibiotiki karibu nusu tu ya wale wa kwanza.

Siidharau siku moja na nusu. Mama lishe anayefukuza wateja kwa jicho lake anaihitaji, na mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu anaihitaji pia. Mapitio ya mwaka 2012 ya mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, yaliyojumlisha majaribio 11 yenye watu 3,673, yanakubali kwamba antibiotiki huharakisha kupona kwa kiasi. Mapitio hayohayo yanaongeza jambo ambalo halisemwi kaunta: katika majaribio hayo haikuripotiwa hata mara moja kwamba mtu aliyenyimwa dawa alipata madhara makubwa ya jicho. Sasa fikiri. Tofauti kati ya kupewa dawa na kutopewa ni siku moja na nusu. Tofauti kati ya dawa na dawa itakuwa saa ngapi? Na kwa saa hizo unaambiwa ulipe mara kadhaa ya bei ya tyubu.

Najua jibu linalokuja: hao ni Wazungu, wana maji ya bomba na daktari wa familia, sisi tuna vumbi, nzi na umbali. Vizuri. Tuje huku kwetu.

Mwaka 1988 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Nairobi uliohusisha watoto wachanga 2,732. Tetrasaiklini ya tyubu, hiyohiyo inayodharauliwa, ililinganishwa na naitreti ya fedha katika kuwakinga na kisonono cha macho. Ilifanya kazi, na haikuyachoma macho ya watoto kama ile nyingine. Miaka saba baadaye jarida hilo likachapisha utafiti mwingine kutoka Kenya, safari hii hospitali ya Kikuyu, wenye watoto 3,117. Sherwin Isenberg na wenzake walilinganisha vitu vitatu: naitreti ya fedha, mafuta ya erithromaisini, na povidoni ayodini ya asilimia 2.5, yaani yale maji ya kahawia ambayo kila chumba cha upasuaji kinayo ya kusafishia ngozi, yakiwa yamezimuliwa. Maambukizi yaliwapata asilimia 17.5 ya waliotiwa fedha, asilimia 15.2 ya waliotiwa erithromaisini, na asilimia 13.1 ya waliotiwa ayodini. Maji ya kahawia yakashinda. Ayodini si hata antibiotiki, wala haijulikani kuwajengea bakteria usugu kama antibiotiki zinavyofanya.

Isenberg hakuishia kwenye kinga. Huko Manila aliitumia ayodini ya asilimia 1.25 kuwatibu watoto 459 wenye macho machafu, akailinganisha na matone ya antibiotiki tatu zilizochanganywa. Kwa bakteria zilitoka sare. Kwa virusi zote mbili zilishindwa. Kisha mwaka 2017 akachapisha matokeo ya wagonjwa 172 wa Ufilipino na India wenye ugonjwa mzito zaidi, kidonda cha kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Huko India mshindani wake alikuwa siprofloksasini. Tofauti ya maana haikuonekana. (Msomaji asikimbilie kabatini: ayodini ya kusafishia vidonda vya ngozi, ilivyo kwenye chupa, ni kali mno kwa jicho, na ile ya sabuni inaunguza. Huzimuliwa na mtaalamu.)

Kidonda cha kioo cha jicho ndicho mahali ambapo ngazi ya nguvu ingepaswa kuonekana kama ingekuwepo. Hapa hatuzungumzii tongotongo. Hapa mtu anaweza kulala anaona na kuamka haoni. Mwaka 2014 yalichapishwa mapitio ya majaribio 16 yenye wagonjwa 1,823, yakizilinganisha dawa za kundi la siprofloksasini na moksifloksasini na matone makali ya zamani, ambayo mfamasia wa hospitali huyatengeneza kwa kuyeyusha sindano za sefazolini na gentamaisini au tobramaisini. Katika kuponya, hapakuwa na mshindi. Tofauti ilikuwa pembeni: hizi mpya haziwashi sana, na siprofloksasini ina tabia ya kuacha unga mweupe juu ya kidonda.

Nitakuwa mwaminifu kwa moksifloksasini. Matone ya kutengenezwa yanadai jokofu, mikono safi na mfamasia aliyepo zamu, na hayadumu siku nyingi. Chupa iliyotoka kiwandani haidai hayo. Daktari wa wilaya aliyeletewa kidonda saa tatu usiku, umeme umekatika, ana kila sababu ya kufurahi kuwa nayo au kuwa na ofloksasini. Hiyo ni faida kubwa, lakini ni faida ya usafirishaji na utunzaji. Haina uhusiano na hadithi ya kwamba dawa moja ni simba na nyingine ni paka.

Kwa nini zinalingana hivyo? Hizi ndizo hesabu nilizoahidi. Siprofloksasini ya macho ni asilimia 0.3, maana yake miligramu 3 katika mililita moja, yaani maikrogramu 3,000. Moksifloksasini ni asilimia 0.5, yaani maikrogramu 5,000. Maabara inapopima kama bakteria ni sugu, inatumia vipimo vilivyowekwa kwa kukadiria dawa inayofika kwenye damu, na mara nyingi mstari kati ya "anakufa" na "sugu" unachorwa kwenye maikrogramu chache tu. Kwa hiyo bakteria anayeandikwa sugu kwenye karatasi anaweza kufa jichoni, maana amemwagiwa dawa mara mia kadhaa ya ile aliyopimwa nayo. Kwenye mafuriko ya namna hiyo, nani atashindana na nani?

Shida ni kwamba mafuriko hayakai. Mfuko wa chini ya kope hauwezi kushika hata tone moja zima. Kinachozidi kinateremka shavuni, na machozi yanaosha kilichobaki ndani ya dakika chache. Kwa hiyo anayejitia matone matatu kwa mpigo "ili iingie vizuri" amelitibu shavu. Anayejitia tone moja, akafumba jicho taratibu na kubana kwa kidole kona ya ndani karibu na pua dakika mbili tatu, amepata dawa zaidi kwa tone moja kuliko mwenzake kwa matatu. Na yule aliyetumia mafuta ya tyubu usiku amelala na dawa imekaa jichoni muda mrefu kuliko tone lolote. Mafuta yanatia ukungu, ni kweli, na mtu mzima mwenye kazi hayapendi mchana. Kwa mtoto anayelia na kuyatoa matone yote kwa machozi, tyubu ni bora kuliko kiboksi cha rafu ya juu. Sijawahi kumsikia muuzaji akimweleza mama jambo hilo.

Kuna pia suala la joto. Matone ya kloramfenikoli yanatakiwa kutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na kukingwa na mwanga. Ukiyakuta yamepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane, kisha ukasikia kwamba "kloramfenikoli siku hizi haifanyi kazi", usimlaumu bakteria. Mafuta yake hayahitaji jokofu, na ndiyo ningeyachagua kwa duka lisilo na umeme wa uhakika. Ipo pia hofu kwamba kloramfenikoli inaua damu. Hofu hiyo ilitoka kwenye vidonge na sindano, na Wamarekani bado wanaishikilia hata kwa matone. Waingereza waliamua kupima: mwaka 1998 walichapisha taarifa za wagonjwa zaidi ya 440,000 walioandikiwa matone hayo, wakakuta kesi nzito za damu tatu, ambazo hata hivyo hazikuweza kubandikwa moja kwa moja kwenye matone. Tangu mwaka 2005 kwao yanauzwa bila cheti cha daktari.

Wanaonipinga wana hoja moja nzuri, na ni haki yao isikike kamili. Ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Hapo dawa mpya iliishinda ya zamani, na dunia nzima ikabadilisha utaratibu: wiki 6 za tetrasaiklini mara mbili kwa siku zikaiachia nafasi azithromaisini ya kumeza mara moja. Mtu anayetaka kuthibitisha kuwa ngazi ipo anaanzia hapa.

Lakini tazama ilivyoshinda. Mwaka 1993 huko Gambia dawa hizo mbili zililinganishwa, tyubu ikisimamiwa vizuri. Baada ya miezi 6, waliopona kwa azithromaisini walikuwa asilimia 78 na kwa tetrasaiklini asilimia 72, karibu sawa. Miaka michache baadaye, hukohuko Gambia, wakarudia bila usimamizi: tyubu wakapewa wazazi wakatumie nyumbani kama inavyokuwa siku zote. Safari hii, baada ya wiki 10, azithromaisini ilipata asilimia 68 na tetrasaiklini asilimia 51. Bakteria walikuwa walewale na dawa zilezile. Kilichobadilika ni nani anamshika mtoto anayerusha mateke, asubuhi na jioni, siku 42, wakati kuna kuni za kutafuta na maji ya kuchota. Azithromaisini ilishinda kwa sababu inamezwa mara moja mbele ya mtoa dawa na hesabu inafungwa.

Nasi tuna ushahidi wetu wenyewe, Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, Tanzania. Wakazi 956, karibu wote walimezeshwa dozi moja. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9.5 hadi asilimia 0.1 baada ya miezi 24, na taarifa hizo zilichapishwa mwaka 2004. Zikisimuliwa, kuna kipande huachwa: katika miezi ya 6, 12 na 18, waliokutwa bado wana dalili walitibiwa kwa tyubu za tetrasaiklini. Tyubu ile ile.

Sasa niseme kinachonikasirisha zaidi. Mabishano ya dawa kali yanaficha mambo yanayopofusha watu kweli. La kwanza ni muda. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo wa kioo cha jicho. Wanatumia kikaratasi chenye rangi ya fluoresini. Kinaguswa kwenye kope, unamulika kwa mwanga wa buluu, na palipokwaruzika panang'aa kijani. Waliopatikana na mkwaruzo, watu 442, walipewa mafuta ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku, siku tatu. Miongoni mwa waliotibiwa ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Hakuna. Vidonda vilianza kuonekana kwa waliochelewa. Tyubu ya bei ya soda, ikitolewa na mhudumu asiye daktari, siku hiyohiyo.

Linganisha na yanayotokea huku. Mkulima anachomwa na jani la mpunga au la muwa Jumatatu. Anatiwa maziwa ya mama au maji ya majani ya mti. Alhamisi ananunua chupa. Wiki ya pili anaongeza chupa nyingine, kali kuliko ya kwanza. Anafika hospitali ya KCMC au Muhimbili kidonda kimekula kioo, na mabishano ya siprofloksasini na moksifloksasini hayana tena umuhimu wowote kwake.

La pili ni kuvu. Jicho lililochomwa na jani katika nchi za joto mara nyingi linaingiwa na kuvu, na hakuna antibiotiki inayoua kuvu hata ukiimwaga kwa ndoo. Dawa yake ni natamaisini, na hapa nina hadithi kwa wanaoabudu upya. Natamaisini ilitoka kwenye udongo wa Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1950. Ilipokuja vorikonazoli, mpya, yenye sifa kubwa maabara, wengi walidhani mzee atastaafu. Huko India kusini wagonjwa 323 waligawanywa kati ya dawa hizo mbili, na mwaka 2013 matokeo yakatoka: mzee alishinda. Waliotumia dawa mpya ndio waliotoboka macho kwa wingi zaidi. Natamaisini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017. Nenda kaiulize kwenye duka lililokuuzia ile kali.

La tatu ndilo baya kuliko yote, na nitalikalia kidogo. Nyingi ya chupa zinazosifiwa kuwa kali zina kitu kingine ndani yake: deksamethasoni au betamethasoni, yaani steroidi, iliyochanganywa na neomaisini au gentamaisini. Steroidi haiui chochote. Inazima uwekundu. Mteja anaona jicho limekuwa jeupe kesho yake asubuhi, anamwambia jirani, na sifa ya chupa inaenea mtaa mzima. Chini ya weupe huo, kama kulikuwa na kuvu, sasa anakula bila kizuizi. Kama kulikuwa na kirusi cha hepesi, kidonda kinapanuka. Na mtu akiipenda chupa hiyo, akawa anajitia kila macho yakichoka na kompyuta au moshi wa jikoni, presha ya jicho inaweza kupanda taratibu bila maumivu mpaka mshipa wa kuonea ufe. Upofu huo haurudi. Ngazi ya dawa kali ndiyo inayomfikisha mtu huko, maana kwa macho ya kawaida, dawa inayong'arisha jicho kwa usiku mmoja haiwezi kuwa nyingine ila ya juu kabisa.

Zipo hali ambazo dawa nzito inatakiwa, na mara nyingi hata tone halitoshi. Mtoto mchanga wa siku chache anayetoka usaha mwingi, kope zimevimba, huenda ana kisonono cha macho. Bakteria huyo anaweza kutoboa kioo cha jicho upesi, na tiba yake ni sindano ya seftriaksoni hospitalini, si tyubu wala chupa. Mwenye kidonda cheupe kwenye kioo cha jicho anahitaji matone kila saa, usiku na mchana, chini ya uangalizi. Hao wa kidonda ndio tunaopaswa kuwawekea moksifloksasini akiba. Tunapoitapanya kwa kila tongotongo, tunaimaliza nguvu yake kabla hawajaihitaji. Jambo hilo limepimwa: katika utafiti mkubwa wa vidonda vya macho uliofanyika zaidi India, bakteria wa wagonjwa waliokwisha kutumia dawa za kundi hilo walihitaji moksifloksasini kiasi cha mara mbili ili wazuiwe. Wale wanaosema "za zamani zimechoka" ndio wanaozichosha mpya.

Sina ugomvi na kutafuta faida. Duka la dawa ni biashara, na kiboksi cha bei kubwa kinaacha chenji nzuri zaidi kuliko tyubu. Lakini muuzaji akiitwa "dokta" na akaitikia, basi aulize maswali manne ya dokta: Linauma? Unaona ukungu? Mwanga unakuumiza? Kuna kitu kimekuingia au kukuchoma? Awashe ile tochi aangalie kama kuna doa jeupe. Jibu likiwa "hapana" kwa yote, na kioo cha jicho kikang'aa, tyubu ya tetrasaiklini au kloramfenikoli inatosha, au maji safi ya uvuguvugu, kitambaa chake peke yake na subira ya siku chache. Mamlaka zinazosimamia dawa, kwa upande wao, zina kazi moja ya haraka: matone yenye steroidi yatoke kwenye mauzo ya mkono kwa mkono, yauzwe kwa cheti na kwa kukaguliwa kweli.

Na wewe msomaji, ukienda dukani kesho, geuza kiboksi usome kilichoandikwa kwa herufi ndogo kabla ya kulipa. Ukiona neno linaloishia na "sone", kirudishe. Jicho linalouma, lisiloona vizuri au lenye doa jeupe halina dawa ya dukani. Lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.